Kadi zilizofungiwa katika Commander: yanayosemwa mezani na ukweli wake

Ukikaa na wachezaji wa Commander hapa Lubumbashi, iwe Kamalondo au Kampemba, ubishi kuhusu kadi zilizofungiwa, yaani zisizoruhusiwa kuchezwa, huanza kabla deki (mafungu ya kadi) hazijachanganywa. Commander ni namna ya kucheza Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Kwa kawaida mnakaa wanne. Kila mmoja ana kadi 100 zisizojirudia isipokuwa ardhi za msingi (kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine), uhai wa 40 badala ya 20 wa Magic ya kawaida, na kamanda, kadi ya kiongozi anayemjengea deki nzima. Tarehe 23 Septemba 2024 zilifungiwa kadi nne kwa mpigo: Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom. Tangu hapo nasikia hoja zilezile, na nyingi zinakosea mahali pamoja: zinaitazama kadi peke yake, haziitazami meza.

"Kampuni ndiyo imefungia, inatafuta franga."

Siku ile Wizards of the Coast, kampuni inayotoa Magic, haikuwa na orodha ya kadi zilizofungiwa mkononi. Ilikuwa ya kamati ya wachezaji wanaojitolea, ambayo Sheldon Menery, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Kampuni yenyewe ilianza kuuza deki za Commander zilizo tayari mwaka 2011, ikakuta mchezo una wenyewe. Tena Jeweled Lotus ilikuwa imechapishwa upya mwaka 2023 katika Commander Masters, bidhaa ya bei ghali, na watu waliinunua wakiiwinda kadi hiyohiyo. Kuifungia kuliiharibia kampuni chambo chake. Orodha ilihamia kwa kampuni tarehe 30 Septemba 2024, baada ya wanakamati kutishiwa na wachezaji wenye hasira. Kutishia watu kwa ajili ya makaratasi yenye picha, mimi sina neno.

"Kinachofungiwa ni kadi zenye nguvu kuliko zote."

Demonic Tutor, inayokuruhusu kutafuta kadi yoyote ndani ya deki yako kwa mana 2, haijafungiwa. Coalition Victory, inayogharimu mana 8 na kudai masharti chungu nzima, ilikaa kifungoni miaka mingi. Kamati haikuwa ikipima nguvu tu, ilipima pia mchezo unaobaki kwa wengine. Nadu ni mfano mzuri: aliyenaye anaweza kucheza zamu ndefu mno, anafunua kadi moja baada ya nyingine, na watatu wanakaa kumtazama tu.

Hoja inayonichosha zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli, ni ile ya kujisawazisha. "Yaya, siye batatu tutamumaliza." Ndiyo, watatu wakiungana mbabe huanguka, lakini wanahitaji muda na mana ya kuungania. Hesabu zamu ya kwanza. Ardhi moja inatoa mana 1. Mana Crypt haigharimu kitu na inatoa 2, kwa hiyo una 3. Lipa 1 kuweka Sol Ring, kadi nyingine ya kutoa mana, nayo ikupe 2: bado una 4 za kutumia, wakati wenzako wana 1 kila mmoja. Zamu ya pili una 6, wao 2. Watakumaliza kwa kitu gani?

Kanuni za wanne ndizo zinazozivimbisha kadi hizi. Mana Crypt ina adhabu: kila zamu unarusha sarafu, ukishindwa inakupiga 3. Kwa mwenye uhai wa 20 hilo ni deni la kweli, kwa mwenye 40 ni nauli ndogo. Dockside Extortionist anagharimu mana 2, na akiingia anahesabu vifaa na uchawi unaokaa mezani kwa wapinzani wako, kisha anakupa hazina kwa idadi hiyo, kila hazina mana 1. Dhidi ya mpinzani mmoja anavumilika. Dhidi ya watatu ni kama mgeni aliyekuta bukari (ugali) ya nyumba tatu imeshaiva. Jeweled Lotus nayo inatoa mana 3 za kumwita kamanda tu. Mahali pasipo na kamanda ni karatasi tupu.

"Nakala moja ndani ya kadi 100, nani ataiona?"

Kamanda huwekwa pembeni, zinabaki 99, na mkono wa kwanza ni kadi 7. Uwezekano wa kuwa na Mana Crypt mkononi ni kama asilimia 7, kweli ni mdogo. Lakini wote wanne wakiwa nayo, uwezekano wa angalau mmoja kuanza nayo ni karibu asilimia 25, yaani mchezo mmoja kati ya minne, kabla ya kuhesabu kadi za kutafutia.

Hapa ndipo hali yetu inapoingia. Wengi tunachezea nakala zilizochapishwa kwa rangi, zimepachikwa juu ya kadi ya kawaida ndani ya plastiki. Wapo wanaosema marufuku ni ya kuwasaidia wasio na pesa, kwa hiyo haituhusu. Lakini Gaea's Cradle, kadi ya ardhi, ni ghali sana na inaruhusiwa. Na kwetu kuchapisha Mana Crypt kunagharimu sawa na kuchapisha kadi dhaifu kabisa, hivyo ni rahisi wote wanne kuja nayo.

Kadi iliyofungiwa pia haijafa. Aprili 2025 tano ziliachiwa, Coalition Victory ikiwemo, na meza yoyote ikikubaliana inaweza kuruhusu itakacho.

Inabaki Sol Ring, ambayo haijaguswa. Kamati ilieleza kwamba ni sehemu ya utambulisho wa mchezo, na deki za dukani huja nayo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini si hoja ya mizani: hesabu ya zamu ya kwanza niliyoiandika juu inaihukumu pia. Ningekuwa na kura, ningeifungia.