Nyuzi za besi zinapopanda masika

Mvua za masika zikishakolea, simu ninazopigiwa na wapigaji dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi nne inayopigwa ikiwa imesimama, hufanana. "Fundi, besi imekuwa nzito. Nyuzi zimepanda, vidole vinawaka." Wengi wameshaamua wenyewe kwamba ubaya uko kwenye daraja, kile kibao kinachozibeba nyuzi juu ya uso wa besi, na wanataka nilipunguze kwa tupa ili nyuzi zishuke. Nawakatalia. Daraja likipunguzwa Aprili, Februari besi hiyo haitapigika: nyuzi zitakuwa zimelala karibu mno na ubao wa vidole na kila sauti itatoka na mkwaruzo. Nyama iliyokwisha kuondolewa kwenye daraja hairudishwi. Ndiyo maana nataka tuelewane kwanza ni kitu gani hasa kinachobadilika misimu ikibadilika.

Wengi hulaumu joto, wengine baridi ya kipupwe. Mhusika mkuu ni unyevu wa hewa. Ubao, hata wa mti uliokatwa miaka mia iliyopita na kupakwa vanishi nzuri, hunywa unyevu hewa ikiwa mbichi na huutoa hewa ikikauka. Ukiunywa unavimba, ukiutoa unasinyaa. Ila hauvimbi sawa kila upande. Kwa urefu, yaani kufuata mkondo wa nyuzinyuzi za mti, haubadiliki kiasi cha kuonekana. Hubadilika kwa upana. Ukilishika hilo vizuri, karibu kila tabia ya besi utaweza kuieleza mwenyewe.

Uso wa besi nzuri hutengenezwa kwa vipande viwili vya sprusi, mti wa jamii ya misonobari wa nchi za baridi, vilivyounganishwa katikati kutoka juu hadi chini na kuchongwa viwe na mwinuko. Kwenye sehemu pana kabisa, chini, uso wa besi ya kawaida una upana wa sentimita 65 hivi. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 80, ubao hutulia ukiwa na maji kiasi cha asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Ukiuweka muda mrefu kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 40, maji hayo hushuka hadi 7 au 8. Kwa sprusi iliyopasuliwa ipasavyo, tofauti hiyo hubadilisha upana kwa karibu asilimia moja. Asilimia moja ya sentimita 65 ni zaidi ya milimita sita. Huo ni upana ambao uso ungeongezeka kama ungekuwa huru. Lakini hauko huru, kingo zake zote zimegandishwa kwenye mbavu, yaani mbao za ubavuni. Ukitaka kupanuka hauna pa kwenda ila juu. Tumbo linainuka, daraja lililosimama juu yake linainuka nalo, na nyuzi zinaondoka kwenye ubao wa vidole. Shingo nayo inaweza kubadili pembe yake kidogo na kuzidisha hali hiyo.

Hapa Unguja misimu yenyewe haituzungushi kutoka 80 hadi 40. Hewa yetu ni mbichi mwaka mzima, na wastani wake hucheza takriban kati ya asilimia 75 na 85. Masika ndiyo kilele. Kaskazi ikishakamata, Januari na Februari, jua kali na upepo hukausha kiasi, na baada ya masika kusi nayo huleta nafuu yake. Mzunguko huo mdogo unatosha. Nyuzi kupanda au kushuka kwa milimita moja au mbili kati ya msimu na msimu ni jambo la kawaida kwa besi ya mbao nzima.

Asiyepiga besi ataona milimita mbili si kitu. Kwenye nyuzi za chuma, mimi huipenda besi ya taarabu iwe na nafasi ya milimita 5 hadi 6 chini ya uzi wa G, ule mwembamba kabisa, na 8 hadi 9 chini ya uzi wa E, ule mnene kabisa, nikipima pale ubao wa vidole unapoishia. Urefu wa uzi unaopigwa, kutoka juu ya shingo hadi darajani, unapita mita moja. Ongeza milimita mbili kwenye vipimo hivyo, kisha mpe mtu apige kwa vidole, si kwa upinde, harusi nzima hadi usiku wa manane, wimbo mmoja ukichukua dakika kumi au zaidi. Mkono wa kulia utatoka malengelenge na wa kushoto utakufa ganzi.

Na maumivu si yote. Uzi uliopanda ukiubonyeza hadi ubaoni unauvuta zaidi, na uzi ukivutwa sauti yake hupanda. Karibu na shingo huwezi kusikia tofauti, lakini ukishuka kuelekea darajani utaisikia. Kwenye taarabu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, imeshatiwa sawa kwa maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ya rast au bayati, ambamo zimo sauti zinazokaa katikati ya zile za kinanda. Besi haina vizuizi vya vidole kama gitaa. Mkono unakwenda pale ulipozoea kwenda, sauti inatoka juu kidogo ya ganuni, na mpigaji anadhani sikio lake limechoka. Halijachoka. Alijifunza mahali pa vidole wakati nyuzi zikiwa chini.

Dawa ya haya ni daraja lenye magurudumu, yaani skrubu mbili miguuni zinazolipandisha na kulishusha. Kabla hayajaenea, wapigaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiweka madaraja mawili, moja la kiangazi na moja la majira ya baridi, na kuyabadilisha mwaka ukigeuka. Skrubu zilizo nyingi hupandisha au kushusha mguu kwa milimita moja, au zaidi kidogo, kwa mzunguko mmoja kamili. Kwa hiyo legeza nyuzi kiasi, bila kuzivua, zungusha robo mzunguko kila upande kwa usawa, kaza tena, pima. Kila mara tazama daraja kwa ubavuni: upande unaotazama mkia wa nyuzi, pale zinapofungwa chini, uwe umesimama wima juu ya uso. Kukaza nyuzi hulivuta daraja kuelekea shingoni, na likiachwa limelala litapinda. Besi isiyo na magurudumu ningeshauri yatiwe kabla ya kufikiria kutumia tupa.

Wekeni daftari, ndugu zangu. Andika tarehe, kipimo cha uzi wa G na wa E, na unyevu wa chumba siku hiyo. Kipimaunyevu kidogo cha betri hakina bei kubwa. Mwaka ukizunguka utaijua besi yako kuliko fundi yeyote. Atakayepanda jukwaani kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, Februari, atajua mapema kwamba magurudumu aliyoyashusha Aprili yanatakiwa kurudi juu.

Sasa tuingie ndani ya besi, mahali ambapo wengi hawapatazami na ndipo penye hatari zaidi. Chini ya mguu wa daraja wa upande wa G, nyuma yake kidogo, kuna kijiti cha mviringo kilichosimama kati ya uso na mgongo. Hakikugandishwa kwa gundi. Kinashikiliwa na mbano tu, na ndicho kinachopeleka mtikisiko wa nyuzi mgongoni. Nyuzinyuzi za kijiti zinakwenda wima, kwa hiyo urefu wake haubadiliki. Lakini mbavu za besi zimepasuliwa ili nyuzinyuzi zake zizunguke kiwiliwili, maana yake kimo cha mbavu, kile kinachotenga uso na mgongo, kiko upande wa upana wa ubao. Masika mbavu zinakua, tumbo linainuka, na kijiti kinabaki palepale. Kinalegea. Sauti ya besi inapwaya, haina kiini, juu ya ufifi ambao ubao wenye maji huwa nao wenyewe. Ukizivua nyuzi zote nne kwa pamoja wakati huo, utakisikia kijiti kikianguka na kubingirika ndani. Nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, na msimu wa mvua hili halina msamaha.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Fundi akitia kijiti kirefu Aprili ili kiziwie ule ulegevu, kisha besi ikapelekwa mahali pakavu, mbavu zinasinyaa na kijiti kinausukuma uso kutoka ndani. Ufa wa mahali hapo ni miongoni mwa majeraha mazito kabisa ya besi, na kuuziba sawasawa kunahitaji kuufungua uso na kutia kiraka. Ndiyo maana kazi ya kijiti mimi huipenda kuifanya hewa ikiwa ya wastani, na besi ikiwa imeshakaa kwenye chumba changu siku kadhaa.

Nyufa na mwachano wa kingo ni vitu viwili tofauti. Uso na mgongo hushikiliwa na gundi ya ngozi, ile inayopikwa kwa ngozi ya wanyama na kupakwa ikiwa moto. Inashika vizuri, lakini imekusudiwa kuachia kabla ya ubao kupasuka. Ubao ukisinyaa kwa nguvu, ukingo unafunguka kidogo, na shinikizo linapata pa kutokea. Gonga kingo zote kwa kifundo cha kidole, ukizunguka taratibu: penye afya pana mlio mkavu, uliokaza, palipoachia utasikia mchakacho. Kuparudisha ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye gundi ya ngozi na vibanio. Kinachonisikitisha ni besi zinazoletwa zikiwa zimeshajazwa gundi nyeupe ya maseremala, au ile ya kuchanganya mirija miwili. Gundi hizo haziachii kwa namna ile. Ubao ukisinyaa mara nyingine utapasuka pembeni ya gundi, na mimi nitalazimika kuzikwangua zote kabla ya kufanya lolote. Tafadhali, ukingo ukiachia, uache hivyo hivyo hadi umfikie anayejua.

Kwa wanaoishi au kufanyia mazoezi Mji Mkongwe, jambo moja la nyumba. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na masika zinanyonya maji hadi plasta inatoka maua. Besi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa nje mgongo wake unakunywa unyevu ambao uso wake hauupati, na inaanza kujipinda. Iweke mbali na ukuta, kwenye kisimamio au kwa ubavu juu ya mkeka, mahali penye mwendo wa hewa, na mfuko wake uanikwe peke yake. Ukisikia uvundo kwenye matundu ya uso, ukungu umeshaanza ndani. Chumvi ya bahari nayo ina kazi yake: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, paka risasi ya penseli kwenye hesi za magurudumu kabla hazijashikwa na kutu, na angalia zile gia za shaba kichwani kama zimeota kijani.

Wenye kupiga kwa upinde wana lao. Nywele za farasi hurefuka kwenye hewa mbichi na kujikunja kwenye hewa kavu, kwa hiyo upinde ulegezwe kila baada ya kupiga. Ulioachwa umekazwa ukaingia mahali pakavu unaweza kukatika kichwa. Ulimbo wa besi, ule unaopakwa kwenye nywele za upinde, ni laini kuliko wa fidla, na kwenye joto la kaskazi hutiririka nje ya kikopo chake. Usiuache garini, wala besi yenyewe usiiache humo, maana joto huilainisha gundi ya ngozi.

Lakini besi ninazozihurumia zaidi ni zile zinazoitwa hotelini. Mtaani unyevu ni 80, ukumbi una kiyoyozi tangu asubuhi na uko 50 au chini ya hapo, na saa sita baadaye besi inarudi kwenye mvuke. Iombeeni nafasi mbali na mdomo wa kiyoyozi, na iingizwe mapema ikiwa ndani ya mfuko wake. Saa chache hazitoshi kuubadilisha ubao wote, lakini ngozi yake ya juu inabadilika, na kinachoutia ubao ufa ni sehemu moja kusinyaa huku nyingine haijasinyaa. Kwa kazi za namna hiyo, na kwa shule, nasema bila kusita: chukueni besi ya plaiwudi. Tabaka zake zimepishana mikondo, kila moja inaizuia nyenzake kutanuka, na nyuzi hazitembei kama kwenye ubao mzima. Sauti haitakuwa na kina kile kile, ila itamaliza mwaka bila ufa.

Ikiwa besi ya mbao nzima inasafiri kwenda Nairobi wakati wa ukame wa Januari na Februari, Dodoma kipindi cha kiangazi, au Ulaya wakati wa baridi, ambako vyumba vinavyopashwa joto hushuka chini ya asilimia 30, tegemeeni nyuzi zishuke ndani ya siku chache za mwanzo na ziendelee kushuka kwa wiki kadhaa. Pandisheni magurudumu kidogo kidogo kadiri zinavyoshuka, wekeni chombo cha kutoa unyevu chumbani, na mgonge kingo kila asubuhi. Besi ikirudi Unguja, msiyashushe magurudumu siku ileile mliyoteremka. Ubao unahitaji wiki mbili hivi kunywa tena hewa ya nyumbani, na kipimo kitakachoandikwa baada ya hapo ndicho cha kukifanyia kazi.