Je, wajua? Namba za kalkuleta yako zilianza na kitambaa cha mahameli

Chukua kalkuleta ya kawaida, ile ya kioo cha kijivu ambayo muuza duka huiweka karibu na mizani. Iwashe, bonyeza 8, kisha itazame kwa karibu. Ile namba nyeusi haikuchorwa kwa wino wala haitoi mwanga wake. Ni sehemu ya kioo ambayo mwanga umezuiwa kupita. Anayeuruhusu au kuuzuia ni kimiminika chembamba kilichobanwa kati ya vioo viwili, nacho huitwa fuwele kimiminika.

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, alipasha moto kampaundi ya kolesteroli, ikawa kama inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 ikawa uji wenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ikawa angavu kabisa. Ule uji wa katikati ndio fuwele kimiminika. Unatiririka kama mafuta ya kula, lakini molekuli zake, zilizo ndefu kama vijiti, hulala zikielekea upande mmoja kama njiti ndani ya kiberiti.

Upande upi? Zenyewe hazina upande zinaoupenda. Ukizimwaga juu ya kioo kitupu, kila eneo hujichagulia lake, na unabaki na mabaka mabaka. Kwa hiyo kiwandani kioo hupakwa utando wa plastiki iitwayo poliimaidi, mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha rola iliyovikwa kitambaa cha mahameli hupitishwa juu yake kwa kuelekea upande mmoja tu. Vioo viwili vilivyosuguliwa hivyo hufunikwa pamoja, msuguo wa kimoja ukikatiza wa mwenzake kama msalaba. Nafasi inayobaki kati yao ni kama mikromita 5. Molekuli moja ina urefu wa karibu nanomita 2 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), maana yake zinaweza kujipanga kama 2,500 kutoka kioo hadi kioo, na ni zile za pembeni tu zinazogusa plastiki. Zilizobaki humfuata jirani. Za chini zinalala huku, za juu zinalala kule, na za katikati zinageuka kidogo kidogo kama ngazi za kuzunguka mnarani. Mwanga unaopita hugeuka pamoja nazo nyuzi 90, ndipo unapenya kichujio cha upande wa pili, kinachoruhusu tu mwanga uliogeuka hivyo. Ukibonyeza 8, umeme unazisimamisha molekuli, ngazi inavunjika, mwanga unakwama.

Sasa swali lenyewe: kwa nini kusugua kunatosha? Mfaransa Charles Mauguin alikwisha kuona mwaka 1911 kwamba kioo kilichosuguliwa huzipanga fuwele hizi. Maelezo yaliyoshika yalitolewa mwaka 1972 na Dwight Berreman wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, Marekani: kusugua huacha michirizi midogo mno, na michirizi hiyo ndiyo inayoelekeza. Fikiria bati la mgongo na ufito unaopindika. Ukiulaza kufuata mifereji ya bati, unatulia umenyooka. Ukiulaza kwa kukatiza na kuulazimisha ugande kwenye kila bonde na kila mgongo, itabidi uupinde, na kupinda kunadai nguvu. Molekuli nazo huepuka gharama hiyo, hivyo hufuata michirizi. Hesabu yake ina jambo ninalolipenda sana: michirizi ikiwa na kina mara mbili, gharama ya kukatiza huongezeka mara 4, ikisongamana mara mbili, huongezeka mara 8. Michirizi midogo iliyobanana ina amri kubwa kuliko mifereji mipana.

Ni maelezo mazuri, na kwenye vioo vilivyochongwa michirizi makusudi yanafanya kazi. Lakini jaribu kusugua polistirini, plastiki ileile ya vifungashio vyeupe vya televisheni. Fuwele zinalala kwa kukatiza njia ya kitambaa! Michirizi peke yake isingeweza kufanya hivyo. Kinachotokea ni kwamba mahameli huchana minyororo ya plastiki, yaani molekuli zake ndefu, kama kitana kinavyonyoosha nywele, na fuwele hufuata mpangilio wa molekuli za plastiki yenyewe. Kwenye polistirini, pete za kaboni zimechomoza ubavuni mwa mnyororo, kwa hiyo zinaelekeza pembeni. Kwenye poliimaidi pete zimo ndani ya mnyororo, zinaelekeza mbele. Kwa kioo kinachotoka kiwandani, mimi naona minyororo hii ndiyo yenye neno kubwa, michirizi ikisaidia tu.

Ukijua hilo, unaelewa pia kwa nini viwanda vilianza kuiacha mahameli. Kitambaa huacha vumbi na umeme tuli, na umeme huo unaweza kuua transista, yaani swichi ndogo za umeme, za skrini. Mwaka 2009 kampuni ya Sharp ya Japani ilitangaza skrini za televisheni ambazo utando wake hupangwa kwa mwanga wa urujuanimno: minyororo yake huinamia kule mwanga ulikotokea. Hakuna kitambaa kilichogusa kioo, hakuna mchirizi, na fuwele zinaelekea zinapotakiwa.