Gharama za usimamizi wa data kwenye AWS: dhana potofu na ukweli

"Data yetu ni kidogo, kwa hiyo bili ya katalogi itakuwa ndogo." Hii ni dhana inayowatoa watu pesa. Katalogi ya AWS Glue, yaani orodha ya data uliyoiweka kwenye AWS (kompyuta za kukodi za Amazon), haijali kama jedwali lina gigabaiti moja au terabaiti mia. Inahesabu vitu vilivyosajiliwa: hifadhidata, majedwali, matoleo ya majedwali na patisheni zake (vipande ambavyo jedwali limegawanywa). Vitu milioni 1 vya kwanza ni bure, kisha unalipa dola 1 kwa mwezi kwa kila vitu 100,000. Timu nyingi ndogo hazifiki huko kabisa.

Pesa huishia kwa krola, ile programu inayopitia faili na kusajili kilichomo. Krola hutozwa kwa muda wa kazi: dola 0.44 kwa DPU moja (kipimo cha nguvu ya kompyuta) kwa saa, kwa bei ya eneo la AWS la Virginia Kaskazini (maeneo mengine yana bei zake, angalia ya kwako). Utaambiwa inatozwa kwa sekunde, basi kazi ya dakika moja na nusu si kitu. Ni kweli inatozwa kwa sekunde, lakini kila inapowaka unalipia angalau dakika 10, hata kama imemaliza mapema. Krola yenye DPU 2 kwa dakika 10 ni karibu senti 15. Ikiwaka kila saa, ni dola 3.52 kwa siku, yaani dola 105.60 kwa siku 30. Ikiwaka mara moja tu usiku, ni dola 4.40 kwa siku hizohizo 30. Kama faili mpya huingia mara moja kwa siku, zile mara nyingine 23 unalipa ili uambiwe hakuna kilichobadilika. Tena patisheni zikiwa zimepangwa kwa tarehe, Athena, huduma ya AWS ya kuulizia data, inaweza kuzikokotoa yenyewe, na krola usiihitaji kabisa.

Dhana nyingine huvaa joho la sheria, nayo inahusu Macie, huduma ya AWS inayotafuta taarifa nyeti kwenye faili: "Tuwashe Macie ichunguze kila faili, ndipo tutakuwa salama." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zinabana kweli, na ni haki zibane, maana taarifa hizi ni za watu. Lakini hazikuagizi uchunguze kila faili kila siku. Macie hutoza dola 1 kwa gigabaiti katika ngazi ya kwanza ya bei, hivyo kupitia terabaiti 5 mara moja ni kama dola 5,000. Anza na sampuli ya asilimia 10 ujue taarifa nyeti zimelala wapi. Kazi uliyoipangia ratiba, baada ya mzunguko wa kwanza, hupitia faili mpya au zilizobadilishwa tu.

Wapo pia wanaoacha data wazi wakidhani kugawa ruhusa ni anasa ya kampuni kubwa. Ruhusa za Lake Formation, huduma ya AWS ya kupanga nani aone data ipi, hazitozwi. Zipangeni leo.

Na msitegemee kikomo cha bajeti kizime chochote. AWS Budgets, isipopangiwa hatua ya kuchukua, hutuma onyo tu, na takwimu zake huchelewa kwa saa kadhaa. Afadhali kufungua Cost Explorer, ukurasa wa AWS unaoonyesha gharama zako, kupanga gharama za Glue kwa aina ya matumizi, na kutafuta mstari unaoishia na Crawler-DPU-Hour. Mstari huo ukiwa na gharama kubwa kuliko ule wa Catalog-Storage (wa vitu vilivyosajiliwa), rudini kwenye ratiba za krola.