Chembe za Damu za Wadudu Zinavyokabiliana na Bakteria: Maswali na Majibu

Je, wadudu wana damu?

Wana kiowevu kiitwacho hemolimfu, ambacho hujaa katika uwazi wa mwili na kuvizunguka viungo moja kwa moja. Kwa wadudu walio wengi si chekundu, kwa kuwa oksijeni husafirishwa na vijibomba vya hewa. Seli zinazoelea humo huitwa hemositi, na kazi yake inakaribiana na ya chembe nyeupe za damu ya binadamu.

Bakteria wakiingia, hemositi hufanya nini?

Wakiwa wachache, huwameza. Hemositi huzitambua kemikali za ukuta wa bakteria, hasa peptidoglikani, ambayo mwili wa mdudu hauitengenezi. Kisha humzingira bakteria kwa utando wake, humvuta ndani na kummeng'enya, kazi inayoanza katika dakika chache tu. Katika mbu aina ya Anopheles gambiae, hemositi hata hukusanyika kando ya matundu ya moyo, mahali ambapo hemolimfu hupita kwa wingi, na huko huwadaka bakteria wanaopitishwa na mkondo.

Bakteria wakizidi, hemositi hunatana nao na kunatana zenyewe kwa zenyewe hadi vikatokea vinundu. Ukimpasua kiwavi aliyeambukizwa utaviona: vitone vyeusi vilivyoshika kwenye viungo vyake. Weusi huo ni melanini, inayotokana na kazi ya kimeng'enya cha fenoloksidesi. Kimeng'enya hiki hutunzwa kikiwa hakijaamshwa, na ni lazima iwe hivyo, kwani kemikali zinazozalishwa njiani humdhuru mdudu mwenyewe pia.

Je, hemositi hupigana peke yake?

La. Baada ya saa kadhaa, tishu ya mafuta humwaga peptidi, yaani protini fupi, zinazoua bakteria waliosalia. Mojawapo, sekropini, ilielezwa mwaka 1981 na kundi la Hans Boman nchini Sweden.

Haya yanaihusuje afya ya binadamu?

Wadudu hawana kingamwili (protini za damu zinazolenga kijidudu mahususi), lakini kinga yao ya asili inashabihiana na yetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann lilionyesha kwamba protini iitwayo Toll humkinga inzi wa matunda dhidi ya kuvu. Baadaye protini za jamii hiyo, zinazoitwa vipokezi kwa kuwa huipa seli ishara ya uvamizi, zilithibitika kuwalinda wanyama dhidi ya bakteria, na Hoffmann alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Leo viwavi wa nondo wa nta, wanaostahimili nyuzijoto 37 kama za mwili wa binadamu, hutumiwa kuzipima kwanza dawa mpya dhidi ya bakteria kabla ya majaribio kwa panya, ingawa dawa iliyomponya kiwavi bado haijathibitishwa kuwa salama kwa mgonjwa.