Marang, ndugu yake fenesi: mbegu yake haisubiri

Kila nikiposti picha ya marang naulizwa swali lile lile, mbegu unapata wapi, na mie kila siku najibu uliza kwanza hiyo mbegu imetoka kwenye tunda lini. Mti huu mara nyingi haufi shambani, unafia njiani kabla haujaingia kwenye kiriba cha kuoteshea.

Kwa wasioujua, marang ni ukoo mmoja na mfenesi na mshelisheli, kwao ni kisiwa cha Borneo huko Asia na kusini mwa Ufilipino, Wamalay wanauita tarap. Jina la kitaalamu ni Artocarpus odoratissimus, alilipa padri wa Kihispania Francisco Manuel Blanco mwaka 1837, maana yake linalonukia sana, na hakukosea, ukiweka moja jikoni nyumba nzima inajua.

Sasa mbegu. Mbegu ya mchicha ukiianika ukaitia kwenye chupa inakungoja, kokwa ya marang ikikauka ishakufa, na ukiitia kwenye friji umeiua vile vile. Miaka ya nyuma nilinunua 20 mtandaoni, zikaja kwenye kipakti kizuri zimekauka kau, nikamwagilia miezi miwili haikuota hata moja. Hela si neno, kilichoniuma ni kwamba muuzaji alikuwa anajua. Mara ya pili rafiki yangu alikuwa anarudi kutoka Sabah, huko huko Borneo, akala tunda jana yake, akaosha kokwa mpaka ute wote ukatoka akazifunga kwenye nyuzi za makumbi zilizoloweshwa kidogo, na cheti cha afya ya mimea mkononi (hatua hii msiiruke jamani, maradhi ya mimea yanasafiri hivo hivo). Kokwa 18, mwezi haujaisha zishaota 14.

Nilizilaza kwa ubavu juu juu tu, mchanga na mboji iliyooza vizuri, juu nikaezeka makuti. Mche ukifika magotini ndo unauhamisha mwanzoni mwa masika, na donge lake la udongo lisivunjike. Jani la marang linaweza kufika karibu nusu mita, kwahiyo upepo wa kusi unalichana na jua la kaskazi linalibabua, ndo maana hapa Unguja mie napanda nyuma ya migomba alafu natandaza majani makavu mengi chini, nikiacha nafasi kidogo kwenye shina. Kwenye maweni usijaribu. Mfenesi unavumilia kiangazi, huu hauvumilii, miaka miwili mitatu ya mwanzo mvua ikikata wewe ndo mvua. Pemba, Muheza, sehemu zenye joto na unyevu sawa, lakini mtu wa Lushoto juu kule namwambia ukweli, baridi itaukatisha tamaa, panda parachichi.

Jambo jingine ambalo watu wa mafenesi linawachanganya: marang halizai kwenye shina, linazaa nchani mwa matawi. Ukipogoa ncha umekata matunda. Ila kile chipukizi cha katikati mie nakikata mti ungali mdogo ili usipande juu sana, kwao unafika mita 25 na huko juu huvuni kitu. Mti wangu ulinipa la kwanza mwaka wa tano.

Na usingoje lianguke. Likianguka linapasuka na limeshaharibika. Linakatwa likiwa limejaa, bado gumu, vile vijimiba vyake laini ukivigusa vinakatika, unaliweka ndani siku chache mpaka libonyee. Kulifungua hutaki panga wala kupaka mafuta ya nazi kama fenesi, unazungusha kisu kwenye ganda tu, unainua kifuniko, ndani unakuta punje nyeupe kama pamba zimeshikana kwenye mti wa katikati, unashika kile kikonyo unavuta zote zinatoka pamoja. Tamu, laini, juisi inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Ila ukishafungua iteni watoto na majirani hapo hapo, ndani ya masaa machache nyama inageuka rangi na ladha inapotea, ndo maana hulioni sokoni likisafirishwa mbali.

Kokwa zinachemshwa au kukaangwa kama za fenesi, ndogo zaidi na zina utamu wa karanga. Za msimu huu sijala hata moja, zote nimezipanda siku ile ile, na makuti nishayaezeka.