Mdakaji wa besiboli hapimwi kwa mkono peke yake

Mashabiki wengi wa besiboli ya Marekani humpima mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji, kwa mambo mawili: anavyopiga mpira, na anavyowanasa wanaoiba kituo cha pili, yaani wakimbiaji wanaokikimbilia mrushaji anaporusha, bila kungoja mpira upigwe. Hilo la pili ndilo linalopotosha zaidi.

Kutoka kituo cha nyumbani hadi cha pili ni mita 38.8. Mdakaji mzuri hudaka na kuufikisha mpira huko kwa takriban sekunde 2.0. Mrushaji naye hutumia kama 1.3 kuufikisha mpira kwa mdakaji, na mkimbiaji mwepesi hufika kwa 3.4 hivi. Mrushaji akichelewa hadi 1.6, mwizi amefika, na lawama humwangukia mdakaji bure.

Thamani kubwa imejificha kwenye glavu. Katika mchezo mmoja timu hurusha mipira kama 150, na baadhi hupita ukingoni kabisa mwa eneo la straiki, yaani nafasi ambayo mrusho ukipita humo huhesabiwa dhidi ya mpigaji (straiki). Mdakaji stadi huanza na glavu chini, akaupokea mpira akielekea katikati, mkono umetulia. Anayeufukuzia nje humwonyesha mwamuzi kwamba ulikosea. Uamuzi mmoja ukigeuka kuwa straiki huokoa wastani wa pointi 0.13 hivi; kidogo, lakini hujirudia kila siku.

Ndiyo maana Jose Molina, mpigaji dhaifu kweli kweli, aliidakia timu ya Tampa Bay Rays kuanzia 2012 hadi 2014. Vipimo vya kamera vilikuwa vimeshaonyesha kazi ya glavu yake.

Kupanga mirusho pamoja na mrushaji nako kuna thamani, ila bado hakuna kipimo cha kuaminika.