Taa ya kulanti haijui joto

Sentensi ni ileile, midomo ndiyo inayobadilika: "Fundi, gari linachemsha, kila asubuhi naongeza maji na taa haizimi." Ukitazama dashibodi, mshale wa joto umetulia kwenye 80 kama mzee barazani. Gari halichemshi. Linakunywa maji, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Nazungumzia Porsche Boxster ya 986, zile za 1996 hadi 2004, maana hapa Malindi ndizo zinazoniletea zogo hili. Taa yake ya kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ni moja lakini ina habari tatu. Ikiwaka bila kupepesa na mshale umepanda, joto limezidi: simama, zima. Ikipepesa polepole, kiwango kwenye tangi kimeshuka. Ikipepesa harakaharaka, tazama feni ya chumba cha injini. Kwa hiyo ukinipigia simu usiniambie "taa imewaka" ukanyamaza. Inapepesa vipi?

Inayosumbua watu kwa miezi ni ile ya polepole. Ndani ya tangi kuna floti, yaani boya dogo, yenye sumaku, na chini yake sensa ambayo ni swichi tu. Floti ikishuka, swichi inageuka, taa inapepesa. Swichi hiyo haina habari kama injini ina nyuzi 20 au 120. Kiwango ndicho pekee inachokijua.

Sasa lile linaloniudhi. Taa inapepesa asubuhi, dereva akifika Gede imezima, na hukumu inatoka hapohapo: sensa mbovu, inawaka na kuzima inavyotaka. Ebo! Kulanti ikipata moto hutanuka. Mfumo huu unabeba karibu lita 18. Kutoka nyuzi 28 za alfajiri hadi 90, mchanganyiko wa nusu kwa nusu huongezeka kama asilimia 4, yaani zaidi ya nusu lita, na yote inakimbilia kwenye tangi. Floti inapanda, taa inazima. Jioni gari likipoa, kulanti inarudi chini. Sensa imesema kweli asubuhi na ikasema kweli mchana. Kinachokosekana ni kulanti.

Ndiyo maana kiwango hupimwa alfajiri, injini baridi, gari likiwa mahali tambarare. Bandika utepe kwenye tangi pale maji yalipofika, andika tarehe, kisha usiongeze kitu mradi yasishuke chini ya alama ya MIN. Siku saba. Ikiwa kiwango hakijatoka kwenye utepe na taa inapepesa, hapo nitakubali tuizungumzie sensa. Kifuniko kikiwa na moto usikiguse. Sitaeleza kwa nini.

Kiwango kikishuka, mahali pa kwanza ni tangi lenyewe. Liko nyuma, kwenye buti, na plastiki yake baada ya miaka 20 hupasuka, mara nyingi upande wa nyuma usiouona. Inua zulia la buti, ingiza vidole hadi chini. Zulia likiwa na unyevu unaoteleza na harufu tamu, umemaliza upelelezi. Halafu kifuniko: soma namba iliyochapwa juu. Ikiishia 01, ni toleo la zamani. Tafuta linaloishia 04. Ukoko mweupe au wa waridi kuzunguka mdomo wa tangi maana yake presha inapenya hapo.

Pampu ya kupimia presha inauzwa, na anayejiita fundi wa rejeta awe nayo. Funga kwenye mdomo wa tangi, injini baridi, pandisha hadi bar 1, subiri dakika 15. Mshale wa pampu ukishuka, fuata maji: tangi, pampu ya maji, kisha mabomba marefu yanayopita chini ya gari hadi kwenye rejeta za mbele. Vibano vya mipira huku vinaliwa na chumvi ya bahari. Kwa nje kibano kinaonekana kizima, ukikigusa kwa bisibisi kinakatika. Rudia kipimo injini ikiwa vuguvugu, kwa sababu ufa mwingine hufunguka kwa joto tu.

Usichanganye na maji ya AC. Kwa unyevu wa Pwani, AC inaweza kuacha kidimbwi chini ya gari ukadhani bomba limekatika. Maji ya AC hayana rangi wala hayatelezi. Kulanti inateleza katikati ya vidole. Usionje. Ni sumu yenye utamu, na paka wa mtaani hawajui hilo, kwa hiyo iliyomwagika mwagie maji mengi na uifute.

Presha haishuki, hakuna unyevu popote, na bado kiwango kinapungua? Hapo ndipo nasema polepole. Kuna dawa ya kupimia, ya buluu, inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini inayotoka kwenye tangi. Ikigeuka, gasketi ya hedi au hedi yenyewe ina neno. Isipogeuka, mimi sitoi cheti cha afya. Kuna ufa unaofunguka injini ikibeba mzigo tu, nasi tumepima gari likiwa limesimama kivulini.

Sensa nayo hupimwa, haikisiwi. Chomoa plagi, tazama kwanza pini. Kijani kwenye shaba ni chumvi, isafishe. Izungushe sensa uitoe chini ya tangi, unganisha mita ya omu, sogeza sumaku ndogo karibu nayo kisha iondoe. Usomaji lazima ubadilike. Usipobadilika, nunua nyingine. Ukibadilika, sensa ni nzima na huenda floti imekwama kwenye tope la kahawia. Ukigonga tangi taa ikazima, siwezi kuapa kama ulichoamsha ni floti au swichi iliyochoka. Nimeona tangi lililosafishwa likakaa vizuri mwezi mmoja, kisha mchezo ukarudi. Tangi likiwa na umri wa gari, mimi hubadilisha vyote viwili.

Haya, "huku hakuna barafu, kulanti ya nini?" Kulanti inalinda alumini isiliwe, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 108 hivi hata bila presha. Maji ya kisima cha huku yana chumvi. Ukiyatia ndani, unaziozesha rejeta kwa mkono wako. Changanya na maji yaliyotoneshwa (distilled). Ukiomba "maji ya betri" dukani, soma chupa, maana wengine watakupa asidi.

Na hesabu ya "naongeza maji tu" ni hii. Mfumo wa lita 18, nusu kulanti. Ukipoteza lita moja kila wiki na kujaza maji matupu, baada ya wiki 8 ile asilimia 50 imebaki kama 32. Hujatengeneza chochote, na kinga umeimwaga barabarani.

Kuhusu kutoa themostati, ile vali inayofunguka kulanti ikipata moto, kwa sababu ya joto la Pwani: hapana. Gari likipanda joto kweli, anza na rejeta za mbele. Majani ya mvinje na mchanga hujaa kati ya rejeta na kondensa ya AC, na hayatoki mpaka ufungue bampa. Pima pia mwendo wa kwanza wa feni. Rezista yake hufa, feni ikabaki na mwendo wa pili tu.

Ukishajaza, toa hewa. Kando ya mdomo wa kujazia kuna vali yenye kishikio cha waya, kiinue. Jaza hadi MAX, washa, pandisha mizunguko hadi 2,500 mara kwa mara mpaka themostati ifunguke, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka. Hita hadi mwisho. Ndiyo, Malindi, Februari, hita. Kwenye injini hii hewa hujificha, kwa hiyo kiwango kikishuka kidogo asubuhi mbili au tatu za mwanzo, jaza na usinipigie kelele. Kikishuka asubuhi ya sita, nipigie. Kishikio kirudishe chini ukimaliza.

Unayenunua gari hili mkononi mwa mtu, geuza ufunguo kabla ya kuwasha injini utazame taa. Lazima iwake kidogo, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyechoka kuongeza maji akaenda kutafuta koleo.